Mwalimu, programu ya kurekebisha sauti inaniharibia taarab yangu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa Ngamiani, Tanga. Nimeimba tangu madrasa, kwanza kasida, sasa taarab. Ninaimba na vikundi viwili. Kimoja ni cha vijana wenzangu wa mtaani: gitaa mbili, besi, kinanda na ngoma, na nyimbo zetu ni za mtindo wa hapa Tanga. Kingine ni cha mjomba wangu na wazee wenzake. Wao wana ganuni, udi na fidla, na wanafuata mtindo wa Unguja. Harusi nyingi ninazoalikwa huwa ni za kikundi cha mjomba.

Mwaka jana nilikwenda studio moja kurekodi wimbo wa mjomba. Prodyuza ni kijana wa Bongo Fleva, alinipokea kwa heshima zote. Tulipomaliza akaweka programu ya kurekebisha sauti, na kwenye spika zake nikaona mambo yamenyooka. Nilipompelekea mjomba, hakufika hata kwenye kibwagizo cha pili. Akaniuliza, "Mbona sauti imepigwa pasi? Na sika umeipeleka wapi?" Nikaanza kusikiliza kwa makini. Kweli, kuna sehemu sauti inaruka juu na chini haraka haraka, inakatika, na mimi sikuimba hivyo.

Lakini Mwalimu, sisemi kwamba mimi sina tatizo. Nikiwa kwenye mistari mirefu, hasa ya juu, mwishoni sauti yangu huteleza chini kidogo. Mjomba huniambia, na mimi mwenyewe hujisikia nikijirekodi kwa simu. Tena sebuleni kwetu kuna vigae, kila nikirekodi inakuwa mwangwi mtupu.

Nimejiwekea shilingi 700,000. Rafiki yangu anasema ninunue maiki ya kondensa, zile za bei nafuu zinazouzwa pamoja na stendi. Mwingine kaniambia nisikubali nyingine ila maiki ya Shure SM7B, kwa sababu ndiyo anayoiona kwenye video zote. Prodyuza ananiambia ninunue Auto-Tune, programu ile ya kurekebisha sauti, iwe yangu mwenyewe. Na binamu yangu aliyeko Maskati anakuja mwezi ujao, yuko tayari kuniletea kile kiboksi cha kurekebisha sauti jukwaani. Kompyuta ninayo, ya kaka. Ninunue kipi, na ule wimbo wa mjomba ndiyo umeshapotea?

Binti wa Ngamiani, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Mjomba wako kasikia sawasawa. Nataka tuanzie hapo kwenye sika yake, maana ndiyo inayoamua fedha yako iende wapi.

Kinanda cha kawaida kimeigawa oktavu, yaani kutoka Do hadi Do inayofuata, katika nusu toni 12, na kila nusu toni mafundi wa sauti wanaihesabu kuwa senti 100. Sasa chukua wimbo wa Rasti unaoanzia Do; Rasti ni mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Noti ya tatu, ndiyo sika yenyewe, inakaa kwenye senti 350 hivi juu ya Do. Kwenye kinanda hakuna kitu hapo. Kuna Mi bemoli, yaani Mi iliyoshushwa nusu toni, kwenye 300 na kuna Mi kwenye 400, basi. Mpiga ganuni anaipata kwa kuinua na kushusha vile vishikizo vidogo vilivyopangwa chini ya nyuzi. Mpiga fidla na mpiga udi wanaipata kwa kidole, kwa kuwa ala zao hazina vizuizi shingoni. Na wewe uliyekua ukiwasikiliza unaipata kwa koo, bila hata kufikiri.

Programu haikukua nyumbani kwenu. Prodyuza akiiambia wimbo uko Do meja, kila unapotua kwenye 350 inakukamata na kukupandisha hadi 400. Huko ndiko kupigwa pasi. Akiiambia ikubali noti zote 12, inakuwa mbaya zaidi: sauti yako iko katikati kabisa ya noti mbili, na kwa kuwa sauti ya mtu haitulii hata dakika, mara inaegemea chini, mara juu, na programu inairusha mara 300, mara 400. Ule mkatiko unaousikia ni huo. Pale ulikuwa umeimba sawa, mashine ndiyo iliyokosa mahali pa kukuweka.

Simlaumu kijana wa studio. Auto-Tune ilitoka mwaka 1997, na aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, alikuwa ametoka kwenye kazi ya kuchambua mawimbi yanayopita ardhini ili kutafuta mafuta. Hesabu za aina ile ile akazihamishia kwenye sauti ya binadamu: programu inapima wimbi linajirudia baada ya muda gani, kutokana na hapo inajua noti iko juu au chini kiasi gani, kisha inaisogeza kwenye noti iliyo karibu kati ya zile ilizoruhusiwa. Kwa pop na Bongo Fleva, ambako kila kitu kimejengwa juu ya kinanda, inafanya kazi vizuri mno. Mwaka uliofuata mwimbaji Cher akatoa wimbo "Believe", ambapo kasi ya kurekebisha iliwekwa kali makusudi mpaka sauti ikawa ya roboti, na watu wakaipenda. Prodyuza wako kaizoea njia hiyo na ana haki kuizoea. Ila Rasti haimo kwenye kinanda.

Kwa hiyo wewe una kazi mbili tofauti, na usizichanganye.

Kikundi chenu cha mtaani kinafuata njia ya Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoipa Tanga jina lake katika taarab, vyenye gitaa na besi badala ya okestra kubwa. Gitaa lina vizuizi shingoni, noti zake ni zile zile 12 za kinanda. Hapo programu ya kujiendesha yenyewe inaweza kukusaidia na haitaharibu kitu, mradi ufunguo wa wimbo uwekwe sahihi na kasi ya kurekebisha iwe ya polepole, ili noti ndefu zishikwe na mapambo ya haraka yaachwe. Kwa hili huna haja ya kununua. MAutoPitch ya MeldaProduction ni ya bure, na Graillon ya Auburn Sounds ina toleo la bure. Zote zinaingia kwenye Reaper, programu ya kurekodia inayokuruhusu kuijaribu siku 60 kabla ya kulipa, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Kopi za wizi zinazopitishwa kwenye flashi achana nazo. Kompyuta ni ya kaka yako, na virusi vingi huingia kwa njia hiyo.

Kwa nyimbo za mjomba, sitaki programu yoyote inayojiamulia. Utasikia watu wakisema matoleo makubwa ya Auto-Tune yana skeli, yaani ngazi za noti, za Kiarabu na za robo toni. Yamekuwa nazo, lakini sika ya Rasti na sika ya Bayati, maqamu nyingine, hazikai mahali pamoja. Kwa waimbaji wengi ya Bayati iko chini kidogo, na mwimbaji mzuri huisogeza ndani ya wimbo ule ule kulingana na anakoelekea. Hilo halipatikani kwa kuchagua jina kwenye orodha. Nyimbo za maqamu ya Hijazi zitaumia kidogo, kwa kuwa hatua zake zinakaribiana na za kinanda, lakini Rasti na Bayati, hapana.

Programu inayokufaa huko ni Melodyne, ya kampuni ya Celemony ya Munich, Ujerumani. Inakuchorea kila noti uliyoimba kama kidoa kwenye mistari, na ndani ya kidoa unaona sauti ilivyopanda, ilivyotikisika na ilivyoshuka. Unachofanya ni hiki. Unazima ule ushikaji wa noti ili kidoa kiende popote unapokivuta bila kurukia noti ya kinanda. Unaisikiliza fidla au ganuni kwenye sehemu hiyo. Noti tano unazojua ulizikosa unazisogeza kwa mkono mpaka zikae pamoja na ala, na zile nyingine mia unaziacha zilivyo. Ni kazi ya taratibu, inataka sikio na wala haitaki haraka. Mwite mjomba akae kando yako, kwa kuwa sikio lake linaijua kazi hii kuliko mashine yoyote. Toleo dogo kabisa, Melodyne essential, linatosha, na unaweza kuijaribu siku 30 bila kulipa. Usiinunue leo. Maliza kwanza siku hizo kwa wimbo mmoja halisi uone kama unaihitaji.

Jambo moja ambalo haliepukiki: programu hizi zinataka sauti yako peke yake na kavu, bila mwangwi, bila fidla kuingia kwenye maiki yako. Mkiimba chumba kimoja na ala zote mkanaswa pamoja, hakuna cha kurekebisha hapo. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya santuri ya HMV walipiga na kuimba pamoja, kosa likitokea ni kurudia. Njia hiyo bado ni halali, na kwa wazee wa mjomba huenda ndiyo nzuri zaidi. Lakini ukitaka nafasi ya kusahihisha, ala zirekodiwe kwanza, wewe uimbe baadaye ukizisikiliza kwenye hedifoni.

Sasa hilo la kuteleza mwishoni mwa mstari. Hili programu italificha tu, halitaondoka, na harusini litakufuata. Sababu kubwa ni pumzi: mstari mrefu unaisha pumzi ikiwa imebaki kidogo, msukumo unapungua, noti inashuka. Panga mahali pa kuvuta pumzi kabla ya kuimba, uyaandike kwenye karatasi ya mashairi, na usione aibu kukata mstari mahali ambapo maneno yanaruhusu. Fanya mazoezi na noti moja iliyoshikiliwa. Mwombe mpiga fidla akuvutie Do ndefu, nawe uimbe Rasti polepole juu yake, ukikaa kwenye kila noti mpaka usikie haipigani na fidla. Zipo programu za bure za simu zinazochora mstari wa sauti unapoimba na kukuonyesha senti. Zitumie kuangalia mwisho wa mistari yako tu, si kuitafuta sika, kwa kuwa nyingi zitakuambia umekosea pale ulipopatia.

Sababu nyingine watu hawaifikirii kabisa, nayo ni hedifoni. Muziki ukiwa mkubwa sana masikioni, mwimbaji hajisikii, anakisia, na mara nyingi anashuka. Punguza ala, pandisha sauti yako, au toa sikio moja nje na uzime upande huo ili usivuje kwenye maiki. Na kama unajisikia ukichelewa kidogo, yaani umeshatamka ndipo sauti inakufikia, kadi za sauti, yaani viboksi vinavyounganisha maiki na kompyuta, karibu zote zina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Kibonyeze. Ucheleweshaji huo umewapotosha waimbaji wengi ambao walidhani wana sauti mbaya.

Tuje kwenye laki saba yako.

SM7B ni maiki nzuri sana, lakini ina sauti ndogo mno. Inahitaji kuongezwa nguvu kiasi cha desibeli 60, na kadi nyingi za bei nafuu zikifika huko zinaanza kutoa mvumo. Itakubidi ununue na kadi nzuri zaidi au kiongeza nguvu, na kwa laki saba hutoki. Kondensa nayo si mbaya, kila studio kubwa inayo, inatumia umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi na inasikia mambo madogo ya sauti. Tatizo ni kwamba inasikia na mengine: feni, jogoo wa jirani, bodaboda, na vile vigae vya sebuleni ambavyo umeshavilalamikia. Ukiweka kondensa kwenye chumba hicho utapata ule ule mwangwi wa simu, safari hii kwa ubora wa juu.

Nunua maiki ya dainamiki, aina isiyosikia sana sauti za mbali. Kwangu mimi ni Shure SM58, inayotengenezwa tangu mwaka 1966. Kwa mtu kama wewe ina faida moja kubwa kuliko zote: ni maiki ya jukwaani na pia inarekodi vizuri, kwa hiyo fedha moja inafanya kazi mbili. Nchini Marekani huuzwa karibu dola 100. Ni miongoni mwa maiki zinazoghushiwa sana, kwa hiyo usinunue kwa mtu wa njiani. Halisi ina uzito wa gramu 298. Uzito peke yake si uthibitisho, lakini ukiishika ikawa nyepesi waziwazi, irudishe. Kisha kadi ya sauti ndogo yenye tundu moja la maiki, hedifoni za kufunika sikio lote, stendi, na kebo nzuri. Maiki na kadi zitakula sehemu kubwa ya fedha, nayo ndiyo mgawanyo sahihi. Ukibakiwa na kitu, weka akiba ya Melodyne.

Chumba kitengeneze bila fedha. Trei za mayai usihangaike nazo, hazinyonyi sauti ya maana. Chagua chumba cha kulala, chenye kitanda, mapazia na nguo. Watu wengi huweka godoro nyuma ya maiki, lakini maiki hii inasikia zaidi kule inakotazama, yaani kwako na kwenye ukuta ulio nyuma yako. Godoro liwe mgongoni kwako, na blanketi nzito pembeni. Khanga ni nyepesi mno kwa kazi hii. Simama mbali na maiki kiasi cha sentimita 15, na uigeuze kidogo pembeni ya mdomo ili "p" na "b" zisipige. Zima feni, rekodi usiku au baada ya alfajiri mtaa ukiwa umetulia. Usipandishe sauti mpaka taa nyekundu iwake. Acha kilele cha sauti kwenye kipimo cha programu kiwe kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, hutapoteza chochote.

Wimbo wa mjomba haujapotea. Rudi kwa kijana wa studio kwa heshima ile ile aliyokupokea nayo, umwombe faili la WAV, yaani lisilobanwa, la sauti yako kavu, kabla ya programu yoyote, pamoja na ala zikiwa peke yake. Kama hajafuta kazi yako, atakuwa nayo. Akikubali kuichanganya upya yeye mwenyewe, mwambie mambo mawili: arekebishe noti kwa mkono pale tu mtakapokubaliana, na arekebishe kwanza kabla ya kuweka mwangwi, kwa sababu programu ikisikia mwangwi juu ya sauti inababaika. Mwende naye mjomba akamwonyeshe sika kwa ganuni. Kijana anayefanya kazi ya sauti akiisikia mara moja ikieleweshwa namna hiyo, wimbo wa taarab utakaofuata ataushughulikia tofauti.

Kile kiboksi cha Maskati usikitake. Vya TC-Helicon na vya Boss ni vyombo imara, na mwimbaji wa pop anavifaidi. Lakini kwenye jukwaa la harusi, maiki yako itakuwa inasikia dumbaki na fidla zilizo karibu nawe, kiboksi kitachanganya sauti yako na zao, na bado kitaivuta sika yako kwenye kinanda, mbele ya wageni, bila nafasi ya kurudia. Mwambie binamu, kama ni zawadi, akutafutie hiyo SM58 huko kwenye duka la vyombo linaloaminika, na laki saba yako ibaki kwa kadi na hedifoni nzuri zaidi.

Jukwaani kinachokushusha ni kutojisikia. Mwambie fundi mitambo akupe spika moja ya kujisikilizia, aiweke sakafuni mbele yako, iitazame mkia wa maiki moja kwa moja, kwa kuwa huko ndiko SM58 inakosikia kidogo kabisa na haitapiga kelele ya mlio. Ndani yake aweke sauti yako na fidla tu, ala nyingine utazisikia zenyewe. Na usikifunike kichwa cha maiki kwa kiganja, hata wimbo ukipamba moto, maana hapo unaifanya isikie pande zote na mlio unaanza.